Ramadhani, siku ya 12: Bi mkubwa kala mchana na hakumbuki



Ndugu zangu waumini wa Kiswere, na nyote mnaotufuatilia kutoka Kilwa Masoko, Lindi, Dar es Salaam na kwingineko, tumshukuru Allah aliyetuingiza kumi la pili tukiwa wazima.

Darsa la leo limetokana na swali ambalo tangu mwezi uandame limeulizwa na zaidi ya mtu mmoja, na wanaouliza wengi ni kina mama, tena kwa sauti ya chini kama wanaotaja aibu. Ndani ya nyumba yuko mama mzee, mtu aliyefunga tangu usichana wake, sasa anakula mchana. Akishakula anasema hajala, kanyimwa. Akiambiwa ni Ramadhani anashtuka, analia, anaomba msamaha. Nusu saa haijapita, anaomba uji. Je, funga yake ikoje? Tumlipie? Tufunge mlango wa jiko?

Tuanze na sheria kwa kuwa ndiyo iliyoulizwa. Halafu tutakuja kwenye lile ambalo halikuulizwa, nalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi.

Kusahau kuna daraja zake. Mtu mwenye akili zake aliyefunga, akapitiwa, akala au akanywa, huyu funga yake ni salama. Hadithi yake iko kwa Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.): aendelee na funga, kwani Allah ndiye aliyemlisha na kumnywesha. Hiyo wengi tunaijua tangu chuoni.

Yuko wa pili, mzee ambaye akili ipo lakini mwili umekataa. Huyu hafungi na halipi siku, anatoa fidya. Ibn Abbas (r.a.) aliifahamu hivyo aya ya 184 ya Suratul Baqara kwa babu na bibi wasioiweza funga, na Anas bin Malik (r.a.), yule aliyemtumikia Mtume (s.a.w.), alipokuwa mzee sana alikula na akalisha maskini. Kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, fidya ni mudi moja kwa kila siku, yaani kibaba kimoja, robo ya pishi, cha chakula tunachokula hapa: mchele au unga.

Wa tatu ndiye aliyeulizwa. Huyu akili yenyewe imeondoka. Hajui ni mwezi gani, hajui kala saa ngapi, pengine hajui aliye mbele yake ni mwanawe. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Kalamu ikishanyanyuliwa, hakuna funga, hakuna kulipa, na wanazuoni wetu wanasema hakuna hata fidya, maana fidya ni badali ya wajibu na hapa wajibu wenyewe haupo. Mkitaka kutoa kibaba kwa niaba ya mama, toeni, ni sadaka na ina thawabu zake. Lakini msiende kukopa mchele dukani mkidhani mama ana deni kwa Mola wake. Hana.

Hapo kati ndipo penye utata. Ugonjwa huu hauingii siku moja. Kuna mzee ambaye asubuhi yuko timamu, anakuuliza habari za shamba na majirani kwa majina yao, ikifika jioni kapotea. Siku ambayo akili iko, hukumu yake ni kama yetu, na kama ana presha au sukari na daktari kasema funga itamdhuru, anaingia kwenye fidya. Mpelekeni kwanza kituo cha afya, halafu mwoneni shekhe mkiwa na jibu la daktari mkononi. Msiwaachie wajukuu waamue, na mzee naye msimwachie peke yake, kwa sababu wapo wanaong'ang'ania kufunga kwa ucha Mungu, usiku wanasahau kunywa maji, dawa ya presha wanameza mara mbili, na ya sukari hawaimezi kabisa.

Sasa ni kitu gani hiki? Huku kwetu tunasema "uzee umemzidi", "amerudi utotoni", wengine wanasema "kachezewa". Madaktari wanauita demensia, yaani ugonjwa wa kusahau, na wanasisitiza kuwa ni ugonjwa. Si kila mzee anaupata. Mzee kusahau alipoweka miwani ni jambo la kawaida. Mzee kuishika miwani asijue ni ya kazi gani, hiyo ni habari nyingine. Aina iliyo kubwa zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, unaoitwa kwa jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Chembe za ubongo zinakufa polepole, zikianzia mara nyingi sehemu inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana bibi anakusimulia harusi yake ya miaka 60 iliyopita, nguo aliyovaa na ngoma iliyochezwa, lakini hakumbuki chai aliyokunywa sasa hivi. Hadanganyi. Ile chai haikupata pa kuandikwa. Aina nyingine inatokana na kiharusi, wakati mwingine viharusi vidogo vidogo ambavyo hata havikuonekana, na hiyo ni ndugu moja na presha isiyotibiwa.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya nusu yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Hapa Tanzania mahali palipochunguzwa vizuri ni wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2010 watafiti walipita vijijini huko wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na kwa hesabu yao karibu 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Hai ni mbali na Kiswere, wao wana migomba na baridi, sisi tuna minazi na mikoko, lakini ubongo wa mzee ni ule ule. Na katika utafiti mwingine uliofuata huko huko, familia nyingi zilieleza jambo ambalo hata hapa tungelisema: waliona ni uzee tu, kwa hiyo hawakuona haja ya kwenda hospitali.

Hili la hospitali nilikazie. Ni kweli mpaka leo haijapatikana dawa ya kuuponya ugonjwa wenyewe. Lakini si kila anayechanganyikiwa ana demensia. Mzee aliyekuwa sawa Jumatatu, Alhamisi hajui alipo, huyo apelekwe siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji, au alianguka akagonga kichwa na hakuna aliyemwona. Hayo yanatibika. Kuna pia wanaosahau kwa sababu ya upungufu wa vitamini, au tezi ya shingoni haifanyi kazi vizuri, au huzuni nzito iliyowakaa tangu kufiwa. Tuna hospitali ya Kinyonga pale Kilwa Kivinje, na Sokoine kule Lindi. Mwulizieni dirisha la wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imetambua kuwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo. Msione haya kuliulizia. Ni haki yake.

Na sisi ambao bado tuna akili zetu, presha tuipime. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa huu, yakiwemo presha, sukari, sigara, kukosa shule utotoni, masikio kutosikia na upweke. Walikadiria kwamba kama yote hayo yangedhibitiwa, karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeepushwa au ugonjwa ungechelewa kuwafika. Upweke umo kwenye orodha hiyo. Mtu anayesimamishwa kila swala bega kwa bega na wenzake, aangalie anachokikosa yule mzee aliyeachwa barazani peke yake tangu alfajiri.

Qur'ani haikulificha jambo hili. Katika Suratun Nahl aya ya 70, na tena Suratul Hajj aya ya 5, Allah ametaja wale wanaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa hata wakawa hawajui walichokuwa wakikijua. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akiomba kinga na umri huo, na Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliwafundisha wanawe dua hiyo. Kwa hiyo anayesema "mama kachezewa, haiwezekani mtu msomi kama yeye awe hivi", arudi kwenye aya. Inawezekana, na imesemwa.

Kisomo hatukikatazi. Msomeeni, mpulizieni, mwombeeni. Kinachokatazwa ni kumfunga kamba, kumchapa ili jini litoke, kumfukizia moshi mpaka akakosa pumzi, na kumtafuta jirani wa kumsingizia uchawi. Na kinyume chake pia kipo: yule bibi mwenyewe anayezunguka usiku akizungumza peke yake ndiye anaitwa mchawi. Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za namna hiyo. Tusidhani pwani tumesalimika. Neno likishaanza mtaani kulizima ni kazi.

Turudi nyumbani, mwezi huu huu. Wagonjwa wengi wa namna hii huzidiwa jua linapozama. Wanahangaika, wanataka "kwenda kwao", wanamwogopa mtu waliyemzoea. Sasa angalia nyumba zetu saa hiyo: moshi jikoni, mihogo inaungwa nazi, watoto wanagombea kaimati, redio juu, kila mtu ana njaa na hasira ziko karibu. Kwa mgonjwa hiyo ni vurugu tupu. Mlisheni mapema, kabla ya pilikapilika, hata saa kumi na moja. Washeni taa kabla giza halijaingia, maana vivuli vinamtisha. Mtu mmoja, mmoja tu, akae naye mpaka adhana. Mkishafturu apewe tena kidogo pamoja na wenzake ili ajione yumo.

Akisema hajala, usibishane naye. "Si nimeshakuambia?" ni maneno yasiyo na faida kwa mtu ambaye hana mahali pa kuyaweka. Yeye atakachobaki nacho ni ile sauti ya ukali, maana maudhi yanakaa hata tukio lenyewe likishafutika. Mwambie, "Shikamoo mama, chakula kinakuja," mpe kipande cha kiazi au maji, kisha mshike mkono mtoke uani. Akimwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyekufa, mjukuu aitike. Kuna mtu aliniuliza kama huo si uongo. Nilimjibu kwamba kuitika si kutoa ushahidi. Muulize huyo kaka alikuwaje, atakusimulia na atatulia.

Jikoni msifunge kwa kufuli kana kwamba kuna mwizi. Wekeni pembeni visu na mafuta ya taa, na chakula chake kikae mahali anapopaona. Kwani kuna ubaya gani akila? Tumeshasema hana funga. Aibu ya majirani si hoja ya kisheria.

Akiswali Adhuhuri mara tatu, mwacheni. Akikosea rakaa, msimsahihishe. Swala haimlazimu tena, lakini inamtuliza, na kuna jambo la ajabu hapa: vilivyoingia zamani na kwa sauti ndivyo vinavyotoka mwisho. Mtu kasahau majina ya wanawe wote, lakini ukianza Al-Fatiha anaimalizia, na kwenye maulidi anaitikia pale pale panapoitikiwa. Kule Hai walijaribu vikundi vidogo vya wagonjwa, wakiwakutanisha kwa mazungumzo, nyimbo na kushika vitu vya zamani wanavyovijua, na wagonjwa walionekana kuboreka kiasi na walezi wao kupata nafuu. Sisi tuna kisomo chetu. Mtoto anayehifadhi juzuu amma akahifadhie miguuni kwa bibi yake, wote wawili watafaidika.

Wanaotangatanga ni hatari zaidi kwetu tulio kando ya maji. Mzee aliyekuwa mvuvi atashuka pwani kuitafuta ngalawa aliyoiuza zamani, na maji yanajaa wakati yeye yuko kwenye mikoko. Waambieni wavuvi, waambieni vijana wa bodaboda na wenye maduka: mkimwona mzee wetu, msimkaripie, mwongozeni nyumbani au tupigieni. Kuficha ili watu wasijue ndiko kunakoua.

Kuna jambo jingine linafanyika kimya kimya na leo nitalisema. Mzee ana shamba la mikorosho au kiwanja karibu na barabara. Akili hana. Anakuja mwana, au mpwa, au mtu wa kando, anamkalisha kitini, anamshika dole gumba, anaweka kwenye karatasi. Ndugu zangu, biashara ya asiye na akili haisihi. Hata mashahidi wakiwa kumi, haisihi, na aliyenunua huku akijua anakula haramu. Wasia aliouandikishwa katika hali hiyo ni vivyo hivyo, na talaka aliyoitamka babu asiyejua analotamka haikumwacha mtu. Kinachofaa ni kuwahi. Dalili zikianza na akili bado ipo, mkalisheni mzee na watoto wake wote, wa kike na wa kiume, aseme madeni yake, amana za watu zilizoko kwake, na wasia wake usiozidi theluthi. Iandikwe, isainiwe mbele ya wote. Kikao hicho kinaonekana kama uchuro, najua, lakini kesi za mashamba zinazovunja koo mara nyingi zilianzia kwenye kikao ambacho hakikufanyika.

Na sasa lile ambalo halikuulizwa. Wote walioniuliza waliuliza habari ya mama mzee. Hakuna aliyeuliza habari ya yule anayemwangalia, na mara nyingi muulizaji ndiye huyo huyo. Ni binti mmoja ambaye hakuolewa au alirudi, au ni mkwe. Usiku haulali, mchana amefunga, anafua mashuka mara nne, anatukanwa kwamba kaiba kanga. Wanaume wa nyumba wako msikitini, mstari wa mbele, rakaa 20. Yeye tarawehe anaisikia kwa kipaza sauti.

Suratul Israa aya ya 23 imekataza hata kuguna mbele ya wazazi, na imetaja wakifikia uzee "kwako", yaani mikononi mwako, ndani ya nyumba yako. Aya haikusema kwa dada yako. Na haikusema kwa mkeo. Fiqhi haimlazimishi mke kumuuguza mkwewe. Akifanya ni ihsani yake, na wewe mwana una deni la shukrani kwake juu ya wajibu wako ambao haujaondoka.

Makka ilipofunguliwa, na ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa 8 Hijria, Abu Bakr (r.a.) alimleta baba yake, Abu Quhafa, mzee kipofu mwenye nywele nyeupe kabisa, mpaka mbele ya Mtume (s.a.w.). Siku hiyo ilikuwa na shughuli za kuumba dola. Pamoja na hayo Mtume (s.a.w.) alimuuliza Abu Bakr kwa nini hakumwacha mzee nyumbani kwake, yeye Mtume akamfuata huko. Abu Bakr alijibu kwamba mzee ndiye mwenye haki zaidi ya kuja. Hadithi hiyo kaipokea Imamu Ahmad na wengineo. Mzee afuatwe alipo, ndivyo ninavyoielewa.

Kwa hiyo tumekubaliana na imamu jambo dogo. Kuanzia kesho, nyumba yenye mgonjwa wa namna hii itapata mtu wa kukaa naye wakati wa Isha na tarawehe, ili mlezi aje aswali, au alale, achague mwenyewe. Wanawake wakae na wanawake, wanaume na wanaume, na mgonjwa akae na mtu anayemjua. Zamu ni usiku mmoja mmoja mpaka mwezi uishe, na baada ya Idi tutaangalia namna ya kuendelea. Kina baba, majina yenu tunayataka kwanza. Anayetaka kutoa sadaka na hajui atoe nini, tende tunazo za kutosha mwaka huu. Pampasi za watu wazima ni ghali na sabuni haikai. Leteni hizo.

Wenye wagonjwa msitume majina kwenye chaneli, tuhifadhi heshima zao. Mwoneni katibu wa msikiti baada ya Alasiri, na kina mama watabaki upande wao leo baada ya tarawehe kupanga zamu. Nyumba ambazo tayari tunazijua ni nne.

Kesho in shaa Allah darsa litakuwa la zakatul fitri, pamoja na swali la pishi na kilo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.